Hajajiachia: kinachotokea mwilini ukiacha sindano za kupungua

Fundi wetu wa mtaani Magomeni ana tabia moja nzuri sana, akikupunguzia nguo hakati kitambaa kinachobaki, anakikunja ndani ya mshono anakishonea humo humo. Mwaka juzi mwezi wa kumi na moja shoga yangu alimpelekea magauni matano, alikuwa ametoka kilo 104 mpaka 87 kwa sindano za kila wiki na kila gauni lilikuwa linamvuka mabegani. Mwaka jana mwezi wa kumi na mbili akarudi na yale yale matano, safari hii yafumuliwe. Fundi hakuuliza kitu, alichukua wembe akaanza kufumua. Mtaani ndo waliuliza, na kabla hajajibu wakajijibu wenyewe: amejiachia.

Neno hilo ndo limenifanya nikae niandike, mana nimelisikia kwa watu wengi mno na kila ninavyozidi kusoma kuhusu hizi dawa naona ni neno la uonevu. Kilo kurudi ukiacha sindano ni jambo lililopimwa, linajulikana linaanza lini na linaenda kwa kasi gani, na linamkuta mwenye nidhamu na asiye nayo. Shida ni kwamba anayekuuzia hakwambii, anakwambia miezi mitatu minne unamaliza, anakuonyesha picha ya kabla na picha ya baada, basi. Picha ya mwaka mmoja baada ya kuacha hakuna anayeiweka.

Tuanze na dawa yenyewe, mana bila kuielewa hutaelewa kwa nini kuacha kunaleta yote haya. Kwenye utumbo wetu kuna seli ambazo kila tukila zinatoa homoni inayoitwa GLP-1. Homoni hii inalisukuma kongosho litoe insulini, inalichelewesha tumbo lisimwage chakula haraka, na inaufikishia ubongo habari kwamba chakula kimefika, inatosha. Ila haikai, ndani ya dakika mbili hivi nusu yake imeshavunjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 daktari mmoja wa New York, John Eng, aliyekuwa kwenye hospitali ya wanajeshi wastaafu kule Bronx, alikuta kwenye sumu ya mjusi mkubwa wa jangwa la Marekani na Mexico kitu kinachofanana na GLP-1 ila kinadumu kwa saa kadhaa. Kutokana na huyo mjusi ikapatikana dawa ya kwanza ya aina hii, exenatidi, ikaruhusiwa Marekani mwaka 2005, unachoma mara mbili kwa siku. Baadae ikaja liraglutidi ya mara moja kwa siku, halafu semaglutidi ya mara moja kwa wiki, ambayo ndo Ozempic iliyoruhusiwa 2017 kwa kisukari na Wegovy iliyoruhusiwa 2021 kwa uzito, zote za kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark. Mounjaro ya Eli Lilly ni tirzepatidi, yenyewe inaiga homoni mbili kwa pamoja, ikaruhusiwa 2022, na ndugu yake ya uzito Zepbound ikafuata 2023.

Kitu cha kushika hapo ni kimoja, dawa hizi zinashikilia, haziponyi. Muda wote ukiwa nayo mwilini ubongo unapata habari ya shibe, siku dawa ikiisha habari nayo inaisha, na kilichokuwa kinakufanya unenepe kabla hujaanza bado kipo pale pale. Ni kama vidonge vya presha. Mtu akiacha vidonge vya presha na presha ikapanda hakuna anayesema amejiachia, wote tunasema dawa ilikuwa inafanya kazi sasa haipo. Kwenye uzito tunabadilika ghafla tunakuwa mahakimu.

Sasa mtu anaacha, inakuwaje? Wiki ya kwanza anaona yuko sawa kabisa, ya pili hivyo hivyo, na hapa ndo watu wengi wanajidanganya wanasema mbona mimi mwili umeshazoea. Haujazoea, dawa bado imo. Semaglutidi inachukua kama wiki moja kupungua nusu, kwahiyo wiki moja baada ya siku uliyotakiwa kuchoma unayo nusu, ya pili robo, ya tatu moja ya nane, na ikifika ya tano imebaki kama asilimia 3 tu. Tirzepatidi inaenda haraka kidogo, nusu yake inaisha kwa siku kama 5. Yaani njaa hairudi siku unayoacha, inakuja taratibu kuanzia wiki ya pili ya tatu hivi, inaongezeka mpaka imetimia mwezi mmoja na zaidi.

Shoga yangu anaikumbuka siku yake. Wiki ya nne, saa kumi na moja jioni, ametoka kazini amesimama jikoni na baibui lake hajavua anasubiri maji ya chai yachemke, akala chapati moja iliyobaki ya watoto, akala ya pili, akafungua tena hotpoti kuangalia kama kuna ya tatu. Aliniambia kilichomshtua siyo chapati, ni kwamba mwaka mzima alikuwa anapita pembeni ya ile hotpoti bila hata kukumbuka kama ipo, na jioni ile alijua kabisa mna nini ndani kabla hajafunua.

Hiyo siyo arosto. Nasisitiza mana kuna watu wanaogopa kuanza wakidhani watakuwa kama teja, mwili unatetemeka na jasho, hapana, dawa hizi haziachi mwili ukililia dawa namna hiyo. Kinachorudi ni njaa yako mwenyewe uliyokuwa nayo zamani, na kwa wengi inahisiwa kali kuliko zamani kwa sababu mwili umeshajua umepungua na unataka chake. Kichefuchefu, kuvimbiwa, kukosa choo, hayo yaliyoletwa na sindano ndo yanaondoka, na wengine wiki hizo wanasikia raha kweli kula kitu wakakifurahia tena.

Sasa nije kwenye ushahidi ambao mimi naona ungetosha kumnyamazisha kila anayesema amejiachia. Kuna utafiti mmoja wa semaglutidi unaitwa STEP 4, ulitoka 2021. Watu wote walichomwa wiki 20, wakapungua kwa wastani asilimia 10.6. Halafu 803 wakagawanywa kwa bahati nasibu, kama theluthi mbili wakaendelea na dawa, theluthi moja wakawa wanachomwa sindano tupu isiyo na dawa ndani. Hakuna aliyeambiwa yuko upande gani, si mgonjwa si daktari wake. Na wote, wenye dawa na wasio na dawa, waliendelea kupewa ushauri ule ule wa kula na kufanya mazoezi. Wiki 48 baadae, wenye dawa walikuwa wamepungua tena asilimia 7.9, wenye sindano tupu walikuwa wamenenepa asilimia 6.9.

Hebu kaa na hilo kidogo. Hawa watu kila wiki walikuwa wanachoma sindano wakijua huenda ndo dawa yenyewe, wanahudhuria kliniki, wanaandikiwa chakula, wanahimizwa watembee. Hawakuamua kuacha, hawakupewa ruhusa ya kupumzika, nidhamu yao haikubadilishwa na mtu. Kilichobadilika ni kile kimiminika ndani ya peni, yaani kile kikalamu cha kuchomea, na mizani ikageuka.

Tirzepatidi ikapimwa hivyo hivyo kwenye utafiti wa SURMOUNT-4 uliotoka Desemba 2023. Wiki 36 za mwanzo watu walipungua asilimia 20.9, yaani mtu wa kilo 100 anakuwa 79, kisha 670 wakagawanywa nusu kwa nusu. Waliobaki na dawa wakapungua tena asilimia 5.5, waliobadilishiwa bila kujua wakapanda asilimia 14 kwa mwaka mmoja. Walioweza kubaki na angalau asilimia 80 ya kile walichopunguza, upande wa dawa walikuwa karibu 9 kwa kila 10, upande wa sindano tupu kama mmoja kwa kila 6. Huyo mmoja kati ya sita yupo, ni mtu kweli, nami sitaki kumfuta, ila usichukue hadithi yake ukaifanya fimbo ya kuwachapia wale watano.

Na kuna ule unaonukuliwa sana, STEP 1, watu 1,961 kwenye nchi 16, wiki 68, wenye dawa walipungua wastani wa asilimia 14.9 wakati wenye sindano tupu walipungua 2.4. Baadae watu 327 kati yao wakafuatiliwa mwaka mzima wakiwa hawatumii chochote, matokeo yakaandikwa 2022 na John Wilding wa Chuo Kikuu cha Liverpool na wenzake. Waliokuwa kwenye dawa walikuwa wamepungua asilimia 17.3, mwaka ulipoisha walikuwa wamerudisha 11.6, wakabaki na 5.6 tu chini ya walipoanzia. Theluthi mbili zimerudi. Ila hawa tofauti na wale wa STEP 4 waliachishwa dawa na ushauri vyote kwa pamoja, kwahiyo namba yao inabeba mambo mawili. Shoga yangu alipunguza 17 akarudisha 11, nilipomwonyesha hiyo namba alinyamaza muda mrefu kidogo halafu akaniuliza, yaani mimi ni wa kawaida kabisa?

Wa kawaida kabisa.

Watafiti wa Oxford mwanzoni mwa 2026 walikusanya tafiti 37 zenye watu zaidi ya 9,000, za dawa za uzito mpya na za zamani, wakapiga hesabu kwamba baada ya kuacha mtu anarudisha wastani wa gramu 400 kwa mwezi, na kwa mwendo huo anafika alipoanzia ndani ya mwaka mmoja na miezi minane hivi. Walilinganisha na waliopungua kwa chakula na mazoezi bila dawa, nao wanarudi, ila polepole zaidi. Hapa kuna watu wanachomoa jibu la haraka, kwamba basi sindano ni mbaya bora kujibana. Mimi sioni hivyo, aliyepungua kilo 17 akarudisha 11 na aliyepungua 5 akarudisha 2 hawako mbali sana mwisho wa safari, lakini ni kweli kwamba anayejibana mwenyewe anakuwa amejifunza kitu njiani kuhusu sahani yake ambacho mwenye sindano anaweza asijifunze, sababu njaa ya kubishana nayo haikuwepo.

Kwa nini mwili unang'ang'ania hivi? Mafuta yetu yanatoa homoni inayoitwa leptini, inayouambia ubongo akiba iko kiasi gani. Ukipungua akiba inashuka, leptini inashuka, ubongo unasoma kama njaa imeingia kijijini. Wakati huo huo tumbo linaongeza homoni ya kuita chakula, grelini. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne Australia waliwafuatilia watu 50 waliopungua kwa kula kidogo sana wiki 10, wakawapima tena mwaka mmoja baadae, homoni bado hazijarudi sawa, njaa bado iko juu kuliko kabla hawajaanza. Mwaka mzima! Na mwili unapunguza matumizi pia, unakuwa kama mama anayejua mshahara umechelewa, kila kitu kinabanwa. Kevin Hall na wenzake Marekani walipima watu 14 waliopungua sana kwenye mashindano ya televisheni, miaka 6 baadae miili yao ilikuwa bado inachoma kama kalori 500 pungufu kwa siku ukilinganisha na inavyotegemewa kwa mtu wa ukubwa wao. Kalori 500 siyo mchezo, ni mlo.

Huo ni urithi. Mababu zetu wengi waliopona ni wale ambao miili yao ilijua kutunza, wakati wa ukame na wa mavuno kidogo, na sisi tumerithi mwili ule ule tukauweka mjini kwenye chipsi mayai, soda na kiti cha ofisini.

Misuli nayo ina habari yake na huku kwetu haisemwi kabisa. Ukipungua kwa sindano siyo mafuta tu yanayoondoka. Kwenye STEP 1 kuna watu 140 waliopimwa miili kwa mashine, na karibu asilimia 40 ya kilichopungua hakikuwa mafuta, ni misuli na maji na vitu vingine. Sasa kilo zikirudi zenyewe bila mtu kufanya kazi ya nguvu, kinachorudi kwa wingi ni mafuta, misuli hairudi kwa kukaa. Kwahiyo mtu anaweza kufika uzito ule ule wa zamani akiwa dhaifu kuliko zamani, anapanda ngazi anahema, na kwa mama wa miaka 55, 60 hilo ni jambo zito mana misuli ndo inayomzuia asianguke bafuni.

Hapa ndo kuna kitu cha kufanya. Denmark walifanya utafiti na dawa ya zamani kidogo, liraglutidi, watu 195 walipunguzwa kwanza kwa chakula kidogo wiki 8, wastani wa kilo 13, halafu mwaka mzima wengine wakapewa dawa, wengine mazoezi, wengine vyote viwili, wengine sindano tupu. Mazoezi yenyewe yalikuwa ya kweli, kama dakika 150 kwa wiki za kawaida au 75 za kukaza. Walipoachishwa vyote na kupimwa mwaka mmoja baadae, waliokuwa na dawa na mazoezi walishikilia vizuri kuliko waliokuwa na dawa peke yake. Mimi nikisoma hapo naelewa kwamba muda wa sindano, wakati njaa imelala na mwili umekuwa mwepesi, ndo muda wa kujenga misuli na mazoea, usisubiri uache ndo uanze. Na siyo lazima jimu ya kulipia. Kuchuchumaa na kusimama ukiwa umeshika ndoo ya maji, kusukuma ukuta, kupanda ngazi na mzigo, mara tatu kwa wiki, na kwenye sahani protini ianze kabla ya wanga, dagaa, mayai, maharage, choroko, samaki, ugali uje nyuma.

Kuna vingine vinavyorudi ambavyo mizani haivionyeshi. Kwenye kile kipande cha STEP 1, mwaka mmoja baada ya kuacha presha ilikuwa imerudi pale ilipoanzia, na sukari na mafuta ya damu vikawa vinarudi pia. Kwahiyo kama ulipunguziwa vidonge vya presha kwa sababu ulipungua, ukiacha sindano pima presha mara kwa mara, usingoje mpaka kichwa kianze kuuma. Na mwenye kisukari asiache kabisa kimya kimya, kwake hii ni dawa ya sukari kwanza, uzito ni faida ya juu yake, akiacha bila kupewa mbadala sukari inapanda ndani ya wiki chache na huenda asijue mpaka iwe imeshaharibu kitu. Namsihi kabisa huyo, ongea na daktari kabla.

Wadada na wamama, hili ni lenu. Unene unavuruga yai, mtu akipungua yai linaweza kurudi kwenye mstari na mimba ikaingia kwa aliyekaa miaka akidhani hapati. Tirzepatidi pia inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, inashauriwa kutumia kondomu au njia nyingine wiki 4 baada ya kuanza na wiki 4 kila dozi inapopandishwa. Na kama unapanga kubeba mimba, semaglutidi inatakiwa iachwe angalau miezi 2 kabla, mana inakaa mwilini muda mrefu. Huyu anayeacha kwa ajili ya mtoto ajue mapema kwamba njaa itarudi kipindi hicho hicho, asije akajilaumu.

Lakini kwa nini watu wanaacha kama kuacha kuko hivi? Hela kwanza. Marekani waliangalia rekodi za watu 125,474, wasio na kisukari karibu 65 kwa kila 100 walikuwa wameacha ndani ya mwaka mmoja, wenye kisukari kama 47. Uingereza Septemba 2025 bei ya Mounjaro kwa wanaojilipia ilipaa, dozi kubwa ikatoka kwenye bei ya orodha ya pauni 122 kwa mwezi mpaka 330, na ndugu zetu wengi walioko kule wanajilipia wenyewe. Huku kwetu wengi tunategemea mtu anayesafiri, au famasi iliyonayo mwezi huu na mwezi ujao haina. Shoga yangu aliacha hivyo, aliyekuwa anamletea alihamia mji mwingine na bei ya pale alipojaribu kununua ilikuwa karibu kodi yake ya nyumba. Hakukaa chini akaamua kuacha, siku ya Ijumaa ilifika peni haipo.

Na hapo kwenye peni haipo ndo hatari kubwa inapoingia, mtu anaanza kununua popote. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutidi feki zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani. Austria mwaka 2023 kuna watu walilazwa kwa sukari kushuka vibaya baada ya kutumia Ozempic inayoshukiwa kuwa feki, ndani ikidhaniwa kuwa na insulini. Insulini kwa mtu asiye na kisukari inaweza kumuua usingizini. Halafu hata iliyo halali inaharibika, peni ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, na iliyo nje isizidi nyuzi 30, sasa niambie Dar mwezi wa kwanza, ndani ya mkoba, kwenye daladala, umeme umekatika tangu asubuhi, ni nyuzi ngapi. Peni iliyopikwa na joto haina sura tofauti ya kukuonya, unachoma tu unashangaa mbona njaa iko pale pale.

Aliyeacha muda halafu akapata tena dawa, asirudie dozi aliyoachia. Dozi hizi zinapandishwa kwa hatua, semaglutidi inaanzia miligramu 0.25 inapanda kila wiki 4 mpaka 2.4 kwa dozi ya kawaida ya Wegovy, tirzepatidi inaanzia 2.5. Ukikaa wiki kadhaa bila dawa, tumbo limeshasahau, ukilipiga dozi kubwa ghafla utatapika mpaka uishiwe maji. Daktari ndo wa kusema urudi kwa hatua gani, mara nyingi ni mwanzo kabisa.

Wanaouliza kuhusu kuacha taratibu badala ya ghafla, kuna takwimu za awali za Denmark zilizotolewa Venice Mei 2024, watu walipunguza dozi kidogo kidogo huku wakisaidiwa kwenye chakula na mazoezi, na waliofuatiliwa miezi sita baada ya kufika sifuri kwa wastani walibaki pale pale. Inatia moyo, ila ni wachache na hawakulinganishwa na kundi lingine, kwahiyo siwezi kukuahidi kwa mgongo wa hiyo. Wengine wanabakizwa na dozi ndogo, wengine wanahamishiwa dawa ya bei nafuu. Hayo yote ni mazungumzo ya kufanya kabla ya sindano ya kwanza, na hapo ndo nina ugomvi na wauzaji, mana swali la kwanza kabisa ambalo mtu angetakiwa kuulizwa ni hili: una uwezo wa kuitumia kwa muda gani, na siku ikikatika utafanya nini?

Shirika la Afya Duniani lenyewe Desemba 2025 lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa dawa hizi kwa unene, likasema unene ni ugonjwa wa kudumu na dawa zitumike kwa muda mrefu, miezi sita na kuendelea, pamoja na msaada wa chakula na mazoezi. Miezi mitatu unamaliza haimo humo. Mwongozo ni mzuri, ila ukiusoma ukiwa Tandale au Kisauni swali linabaki nani analipa. Hapo natumaini kidogo, hataza ya semaglutidi India, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, mwisho wake ni Machi 2026, viwanda vya kule vilikuwa vinajiandaa kutengeneza za kwao, na dawa nyingi zilizoko kwenye famasi zetu zinatoka India. Bei ikishuka, kuacha kwa sababu ya hela kutapungua, ingawa hapo tutahitaji wakaguzi wetu wa dawa wawe macho zaidi mana feki nazo zitafuata.

Shoga yangu kwa sasa hana sindano. Mwezi wa kwanza alienda kliniki, wakampima presha, 148 juu, akarudishiwa kidonge kimoja. Daktari hakumgombeza, alimweleza karibu haya haya niliyoandika, na akatoka pale analia, akaniambia ni mara ya kwanza mtu mwenye koti jeupe kumwambia siyo kosa lako. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi anachuchumaa na ndoo ya lita 10 uani, mtoto wake wa miaka sita anamhesabia kwa sauti. Kila Ijumaa asubuhi kabla ya chai anapanda mizani ya bafuni, anaandika namba kwenye daftari la shule la huyo mtoto, ukurasa wa nyuma kabisa. Tatu za mwisho ni 98.2, 97.9, 97.9. Yale magauni matano bado yako kwa fundi, manne yameshafumuliwa, la tano amemwambia aliache kwanza.